Samaki Aliyeogelea na Kuondoka Bado Hajapona: Ushauri kwa Anayeanza Kuvua na Kuachia

Wewe unayeanza uvuvi wa kuvua na kuachia utaambiwa mapema kwamba kazi yako imekwisha pale samaki anapopiga mkia na kutokomea. Nami niliambiwa hivyo, nikaamini kwa miaka kadhaa, na ninaandika haya ili usikawie kama nilivyokawia. Samaki anayeondoka mikononi mwako ameonyesha jambo moja tu, kwamba bado ana nguvu za kupiga mkia mara chache. Wengi wa wale wanaokufa kwa sababu yetu hufia mbali na macho yetu, baada ya saa au siku kadhaa, wakiwa wamelala chini ya maji au wamemezwa na samaki mkubwa aliyewaona wakiyumba. Kwa hiyo mvuvi anayetaka samaki wake waishi asitegemee alichokiona wakati wa kumwachia, bali ajipime kwa mambo anayoweza kuyahesabu: mahali ndoano ilipochoma, sekunde ambazo samaki alikaa hewani, joto la maji, na namna mikono yake ilivyomgusa.

Jambo lililonizindua lilitokea katika bwawa dogo lenye maji maangavu. Asubuhi moja nilimvua samaki mwenye pezi la mkia lililochanika upande wa juu, nikamshika kwa mkono mkavu ili asiniponyoke, nikamtoa ndoano, nikamwachia, naye akaondoka kwa kasi iliyonifurahisha. Siku chache baadaye nilimwona samaki yule yule akielea karibu na ukingo, hakimbii hata kivuli changu kilipomwangukia. Ubavuni alikuwa na mabaka ya kuvu jeupe mithili ya pamba, manne yaliyopangana upande mmoja na moja pana upande wa pili. Niliunyosha mkono wangu juu ya maji bila kumgusa, nikaona vidole vyangu vinalingana na mabaka yale.

Ute unaomtelezesha samaki mkononi ndio ngozi yake ya nje kabisa. Ndio unaozuia bakteria na kuvu visipate pa kushika, na ndio unaomsaidia kulinda kiasi cha chumvi na maji mwilini mwake. Mkono mkavu huuondoa, kitambaa huuondoa zaidi, na sakafu ya mashua iliyopigwa na jua huuondoa wote huku ikiunguza ngozi iliyo chini yake. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, wala usimfute, usimlaze nchi kavu, usimkandamize kifuani mwako. Ukitumia wavu wenye mpini, chagua ule wa mpira usio na mafundo, kwa kuwa nyuzi za mafundo hukwangua magamba na kuchanachana mapezi. Hata hivyo, wavu ulio bora kuliko wote ni ule unaobaki ndani ya maji, samaki akiwa amepumzika humo wakati wewe unatafuta koleo.

Kuhusu hewa nitasema kwa urefu, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi wenye nia njema huua samaki. Matamvua yameundwa kwa vijani vyembamba sana vinavyoelea ndani ya maji vikiwa vimetengana, na kwa kutengana huko hupata nafasi ya kuchukua oksijeni. Samaki akitolewa majini, vijani hivyo hulala na kugandamana, na damu inayopita humo haipati hewa ya kutosha hata kama samaki anafungua kinywa. Mbaya zaidi, tunamtoa wakati anapohitaji oksijeni kuliko wakati mwingine wowote, kwani ametoka kupigana na mshipi mpaka misuli imejaa asidi. Mwaka 1992 watafiti Ferguson na Tufts walichapisha jaribio la maabara juu ya trauti, samaki wa maji ya ubaridi. Samaki waliokimbizwa majini mpaka wakachoka, bila kutolewa, walinusurika kwa asilimia 88 baada ya muda wa saa 12. Waliochoshwa vivyo hivyo kisha wakawekwa hewani kwa sekunde 30 walinusurika kwa asilimia 62, na waliowekwa hewani kwa sekunde 60 kwa asilimia 28 tu. Samaki wa aina nyingine, au walio katika maji yao ya asili, hawafi lazima kwa kiwango hicho hicho, na wako wanaostahimili hewa vizuri kuliko trauti, lakini sekunde 60 ndizo hasa tunazozitumia bila kujua tunapomtafuta mwenzetu mwenye simu atupige picha.

Mimi nimejizoeza kuhesabu kwa sauti tangu kichwa cha samaki kinapotoka majini, na nikifika kumi humrudisha, picha iwe imepigwa au haijapigwa. Kama unataka picha, mpiga picha awe tayari samaki akiwa bado katika wavu majini, kisha umwinue kidogo tu juu ya maji, maji yakimdondoka, mkono mmoja ukishika shina la mkia na mwingine ukiegemeza kifua chake. Usimning'inize kwa taya akiwa wima, hasa akiwa mzito, kwa kuwa mwili wa samaki hubebwa na maji maisha yake yote, na taya hazikuumbwa kuuchukua uzito huo. Vidole visiingie chini ya kifuniko cha matamvua kwa hali yoyote.

Sasa nije kwenye ndoano, ambayo huamua mengi kabla hujamwona samaki. Aliyechomwa kwenye mdomo au pembeni mwa taya ana nafasi nzuri sana ya kuishi, ilhali aliyechomwa kooni, tumboni au kwenye matamvua yuko katika hatari kubwa, na tofauti hiyo huzidi karibu kila jambo jingine ninalolitaja hapa. Chambo hai au cha nyama kikiachwa kikining'inia bila kuangaliwa, samaki hupata muda wa kukimeza. Kwa hiyo mshipi uwe umenyooka na mkono wako uwe juu yake. Ukivua kwa chambo, tumia ndoano ya mviringo, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea shina. Samaki akiimeza na kuanza kuondoka, huteleza kutoka kooni mpaka pembeni mwa kinywa, na hapo ndipo inaposhika. Wageni huiharibu kazi yake kwa kuvuta ghafla mara wanapohisi mguso. Wewe acha mshipi ukaze polepole, uanze kukunja, na ndoano itajishikiza yenyewe.

Kila ndoano, hata ya mviringo, ivunjwe makali ya kijino chake, yaani ile ncha ndogo inayotazama nyuma, kwa kukibana na koleo mpaka kilale. Ukilegeza mshipi, samaki kadhaa zaidi watakuponyoka, lakini ndoano itatoka kwa msokoto mmoja bila kupasua nyama. Ndoano za matawi matatu mimi nimeziacha kabisa katika uvuvi wa kuachia, kwa sababu tawi moja likishika mdomo, mengine mawili hupata jicho au matamvua wakati samaki anapojirusha.

Basi samaki akitokea ameimeza kabisa, ufanye nini? Fungua kinywa chake taratibu ukiwa umemweka majini. Ukiiona ndoano vizuri na inafikika kwa koleo refu, itoe kwa njia ile ile iliyoingilia. Usipoiona, usiichokoe. Kata mshipi karibu na kinywa kadiri unavyoweza, umwachie aondoke nayo. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilidhani ni uvivu, lakini majaribio mengi yameonyesha kwamba samaki wanaoachwa na ndoano kooni huishi zaidi kuliko wale wanaong'olewa, kwa maana moyo na mishipa mikubwa ya damu iko karibu sana na hapo, na baadhi yao baadaye huitema ndoano hiyo au huipitisha. Kwa sababu hiyo ndoano ya chuma cha kawaida, kinachoshika kutu, ni afadhali kuliko ile isiyoshika kutu.

Damu kidogo mdomoni isikutishe. Damu inayochuruzika kutoka matamvua ni jambo jingine, na hapo tiba uliyo nayo ni moja tu: kumrudisha majini haraka bila kumgusa tena. Utakutana na watu wanaomwagia soda kwenye matamvua wakidai kwamba inagandisha damu. Watafiti wamelijaribu jambo hilo kwa samaki aina ya paiki wasipate faida yoyote, na katika muda wa kuifungua chupa samaki anakosa pumzi. Vivyo hivyo usipake dawa ya vidonda vya binadamu wala usijaribu kushona. Samaki mwenye jeraha hupona kwa maji safi, oksijeni, na kuachwa.

Ukivua kwenye kina kirefu, kuna jeraha ambalo halitokani na ndoano. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo samaki aliyeopolewa kutoka mita 30 hufika mahali ambapo shinikizo ni robo ya lile alilotoka nalo, na gesi iliyo katika kibofu chake cha hewa hutaka kutanuka mara nne. Trauti wana mrija kutoka kibofu hadi kooni, nao huweza kuitoa gesi hiyo. Chewa na changu hawana njia ya namna hiyo. Utamwona tumbo limevimba, macho yametokeza, na puto la nyama limejaa kinywani, naye akiachiwa huelea kichalichali huku ndege wakimzunguka. Puto hilo ni tumbo lake lililosukumwa nje na gesi, wala si kibofu. Niliwahi kumwona mvuvi mwenye huruma akilitoboa kwa ncha ya kisu akiamini anamsaidia, na kumbe alikuwa anamtia jeraha la pili. Dawa yake ni kumrudisha chini, ambako shinikizo litaibana gesi tena. Mimi hutumia kreti la plastiki lililopinduliwa, lenye vipande vizito vya chuma kwenye kingo na kamba katikati. Humwingiza samaki chini yake kando ya mashua, hulishusha karibu na kina alichotoka, na huko hupenya mwenyewe kwa upande wa chini ulio wazi. Kreti liwe tayari kabla hujatupa mshipi, la sivyo samaki atakungoja juani.

Joto la maji lipimwe kabla hujafungua begi lako la vifaa. Maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 10 za Selsiasi huweza kubeba karibu miligramu 11 za oksijeni kwa lita, yenye nyuzi 20 karibu 9, na yenye nyuzi 30 kama 7.5, ilhali mwili wa samaki huhitaji oksijeni zaidi kadiri joto linavyopanda. Samaki wa maji ya ubaridi, kama trauti, wasivuliwe kabisa maji yakikaribia nyuzi 20. Kwa samaki wengine, vua alfajiri, tumia mshipi wenye nguvu ya kutosha ili pambano liwe fupi, na usione fahari kumchosha samaki mkubwa kwa uzi mwembamba. Waache pia walio katika kuzaa. Samaki dume wa aina ya besi anayelinda mayai akiondolewa kwa dakika chache tu, samaki wadogo wanaovizia kando huyala mayai yake, na kumrudisha salama hakurudishi kizazi hicho.

Wakati wa kumwachia, mshike wima ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo, au kama maji yametulia, msogeze mbele polepole kwa mzunguko. Usimsukume mbele na nyuma kama wengi wafanyavyo, kwani maji yanayoingia matamvuani kwa nyuma hayampi pumzi. Kabla ya kumwachia mfanyie majaribio matatu. Mbane kidogo kwenye shina la mkia uone kama anashtuka. Mgeuze tumbo juu uone kama anajirudisha wima ndani ya sekunde tatu hivi. Kisha mlaze ubavu na utazame jicho lake: la samaki mwenye fahamu huzunguka ndani ya tundu lake ili libaki sawa na usawa wa maji, na la samaki aliyezidiwa huenda pamoja na kichwa kana kwamba limegandishwa. Akishindwa mawili kati ya hayo, endelea kumshika, au mwache atulie ndani ya wavu mpana majini mpaka arudiwe, hasa mahali penye papa au samaki wengine wanaowinda.

Wako watakaoshindwa yote, damu ikiendelea kuwatoka matamvuani. Sheria ya mahali ulipo ikikuruhusu kumchukua samaki huyo, mmalize haraka kwa pigo moja la gongo juu kidogo ya macho, umhesabu katika kiwango chako cha siku. Ikikukataza, mrudishe majini kwa upole ule ule ambao ungempa mzima. Kisha, kabla ya kutupa mshipi tena, jiulize ndoano ilifikaje pale ilipofika. Mara nyingi utakuta kwamba chambo kilikuwa kidogo mno, au mshipi ulikuwa umelegea wakati ukizungumza na mwenzako. Ikitokea kwa samaki wawili mfululizo, badilisha ndoano au ufunge kazi kwa siku hiyo.