Maswali yenu ya semi na kontena, majibu haya hapa

Haya jamani, maswali ya gari kubwa yamekuwa mengi, leo nachagua machache na mengine tutayafikia inshaallah. Kwa asonijua, nimeendesha semi, yani lori la kichwa na tela, huko bara njia ya Tunduma kabla ya kurudi nyumbani, saivi nabeba kontena za bandari ya Malindi hapa Unguja kupeleka shamba, kwa hiyo nawajibu kwa kazi ninayoifanya kila siku.

Ami, naendesha kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, miaka mitatu sasa, nataka niingie kwenye semi. Kitu gani kigumu kuliko vyote? (Kijana, Kisauni)

Mwanangu, kwenda mbele utazoea haraka tu. Kigumu ni rivasi na tela. Kirikuu ukitaka mkia uende kushoto unakata usukani kushoto, umemaliza. Semi ni kinyume, ukikata kushoto mkia wa tela unakwenda kulia, na ukichelewa kurudisha usukani kichwa na tela vinaanza kukunjana pale katikati mpaka kebini inataka kugusa kontena, na hapo hakuna rivasi tena, inabidi utoke mbele unyooshe uanze upya. Vijana nawaambia hivi: shika usukani kwa chini kabisa, usawa wa tumbo. Mkono ukienda kushoto, mkia unakwenda kushoto, mkono ukienda kulia, mkia kulia. Hapo akili haichanganyikiwi. Kata kidogo halafu subiri, mana tela linachelewa kuitikia, wengi wanaona halijaitikia wanaongeza usukani, likija kuitikia limeshapitiliza.

Jengine, kama una uchaguzi, rudi kwa upande wako wa kulia, huko kichwa chako unakitoa dirishani unauona mkia kwa macho yako, kushoto unategemea kioo na gari ikishakunja kioo chenyewe kinakuonesha ubavu wa kontena tu. Na shuka uangalie! Huku kwetu unapeleka kontena Fuoni ndani ndani, njia ya mchanga, geti jembamba, nguzo ya umeme huku, ukuta wa tofali kule, na watu watano wamesimama kila mmoja anapiga kelele njoo njoo, kata kata, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika usukani wa tela. Zima redio, wambie wote wakae pembeni, abaki utingo wako peke yake, asimame pahala unapomuona kwenye kioo. Ukimpoteza kwenye kioo simama papo hapo. Usisubiri nukta moja.

Na usiruke ngazi, toka kirikuu nenda Canter, nenda Fuso, ukae utingo kwenye semi, halafu tafuta uwanja mtupu na tela tupu ujifunze. Leseni yako iwe ya daraja la gari kubwa, ile ya gari ndogo hailindi kitu siku ya ajali.

Kaka, niko Mkoani, nabeba kifusi na tipa ya tairi kumi na karibuni nakabidhiwa semi. Nikishuka milima breki zinatoa harufu, mwenye gari anasema ni kawaida. Kweli?

Si kawaida kaka, na nakuomba hili ulichukulie kwa uzito wake mana Pemba ni milima na kona na nyumba ziko ukingoni mwa njia, watoto wanatoka chuoni wanavuka.

Harufu ile ni lining, zile pedi zinazobana dramu ya tairi, zinaungua. Breki ya gari kubwa inafanya kazi kwa msuguano, na msuguano unazaa moto, ukikanyaga mfululizo kutoka juu mpaka chini dramu inapata moto inatanuka, lining inateleza, unakanyaga mguu unafika mwisho na gari inaendelea kwenda. Hapo upepo umejaa kwenye matangi na geji inasoma vizuri, lakini breki hakuna. Watu wengi hawajui hili, wanadhani breki zinafeli upepo ukiisha tu. Upepo ukiisha kabisa breki za nyuma zinajifunga wenyewe, mna springi ndani ya chemba inayozuiwa na upepo, upepo ukitoka springi inabana. Ndo mana gari yenye kuvuja sana haiondoki pahala. Kinachoua mlimani ni moto.

Dawa yake iko juu ya mlima, kabla hujaanza kushuka. Punguza mwendo kule juu, ingiza gia ndogo kule juu, washa breki ya ekzosi, acha injini ikushike. Wazee walikuwa wanasema gia unayopandia ndiyo unayoshukia, kwa gari za siku hizi zenye injini kubwa mimi nasema shuka kwa gia ndogo zaidi ya uliyopandia. Mwendo ukizidi kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha mpaka ushuke kama kilomita kumi chini ya ule uliotaka, halafu achia kabisa ipoe, usiuweke mguu juu juu safari nzima. Na usishuke nyutro hata kama unataka kuokoa dizeli, bara pale Kitonga na Sekenke magari yanalala korongoni kwa tabia hii hii.

Ukishachelewa, gari imeshakolea mwendo, kurudisha gia ndogo unaweza ukashindwa, unatoa ile kubwa na nyengine haingii, umebaki nyutro na tani zote mgongoni. Kwa hiyo juu, juu, juu, kila kitu kifanyike juu.

Na kila asubuhi fungua zile koki chini ya matangi ya upepo utoe maji. Hewa yetu ya visiwani ina unyevu mwingi sana, maji yanajaa, yanaozesha valvu. Lining zikishaungua haziponi, zibadilishwe, mwambie mwenye gari hivo hivo.

Mimi ni mama, nampeleka mwanangu skuli kwa vespa njia ya Bububu. Kwa nini semi inayotaka kukata kushoto inakwenda kwanza kulia? Nilikaribia kuingia chini yake.

Pole sana dada yangu, na ahsante kwa kuuliza. Tairi za nyuma za tela hazipiti zilipopita za mbele, zinakata kona kwa ndani. Dereva asipotanuka kulia kwanza, tela litapanda juu ya mtaro na kila kilichopo pale. Sasa anapotanuka kulia, kushoto panabaki uwazi, bodaboda na vespa wanaona wamepewa njia, wanaingia, na uwazi ule ndo unaokwenda kufungwa na tela. Na kushoto ndo upande dereva haoni, hasa ukiwa usawa wa mlango wa abiria au mbele chini ya kioo.

Ukiona semi imepunguza mwendo karibu na njia panda au kipilefti, baki nyuma yake, mbali kidogo, pahala unapouona uso wa dereva kwenye kioo chake. Humuoni basi na yeye hakuoni. Ndugu zangu madereva na nyinyi, washeni indiketa mapema, si mkiwa mmeshaanza kukata.

Kontena la futi 40 linafungwaje mpaka lisianguke?

Kuna kufuli nne kwenye kona za tela, unazizungusha zinashika matundu ya chini ya kontena. Ukibeba mbili za futi 20 ni kufuli nane. Zungusha zote, kaguwa kwa mkono, usiridhike na macho. Kontena la kimo kirefu, wanaloliita high cube, kwenda juu ni mita 2.9, ukiliweka juu ya tela unafika karibu mita nne na nusu, kwa hiyo matawi na nyaya ni zako, kule Bungi kwenye miembe ya Bi Khole pita taratibu na utingo aangalie juu. Na uliza ndani mna nini. Marumaru zimekaa chini zimetulia, lakini mzigo uliochanganywa ukaegemea upande mmoja huuoni mpaka uko kwenye kona.

Nataka kwenda kuendesha bara. Naskia mizani wanakutoza hata kama tani jumla ziko sawa, kivipi? (Mwanakwerekwe)

Wanapima jumla na wanapima kila ekseli, yani kila mstari wa tairi. Sheria ni ya Afrika Mashariki nzima, jumla mwisho ni tani 56 kwa gari ya ekseli saba. Kichwa chenye difu mbili, zile ekseli za nyuma zinazozungushwa na injini, na tela la ekseli tatu ni tani 50: mbele 8, difu 18, tela 24. Mzigo ukiusukuma mbele sana difu zinazidi hata kama jumla haijafika. Simamia upakiaji mwenyewe.

Shekhe, mwezi wa Ramadhani nabeba mzigo na usingizi unanishinda baada ya adhuhuri. Nifanyeje?

Usipigane nao, lala. Semi ikienda kilomita 80 kwa saa inakula mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde tatu umepita zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira na hukuwepo. Dirisha wazi na redio juu havisaidii, mirungi ni haramu kisheria na inakuangusha ghafla ikiisha nguvu. Dakika ishirini za kulala pembeni, gari imezimwa na hendibreki imevutwa, zinakutoa.

Tatizo la hapa kwetu ni kwamba njia ni fupi lakini siku ni ndefu. Unaamka daku, unakaa foleni ya bandarini tangu asubuhi, kontena unapewa alasiri, mwenye mali anataka lifike Nungwi kabla ya kufutari, na njiani kila mtu anakimbilia nyumbani na magari ya abiria yanapita vibaya. Mwambie mwenye mali ukweli, au kaa futari huko huko bandarini upige maji na tende uondoke njia ikitulia. Ruhusa ya msafiri ipo kwenye dini, muulize sheikh wako masafa yako yanafika au la.

Kaka yangu yuko Marekani anaendesha semi, anasema kule saa zinahesabiwa na mashine. Kweli, na mimi leseni yangu itafaa?

Kweli. Kule dereva wa mzigo anaendesha mwisho saa 11, ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, na kabla yake awe amepumzika saa 10 mfululizo. Tangu Disemba 2017 kifaa kimeungwa na injini kinaandika chenyewe, huwezi kudanganya daftari. Uzito jumla ni ratili 80,000, kama tani 36, chini ya wetu. Leseni yako haitafaa, utasomea ya kwao, na kuvuka jimbo kwa jimbo uwe na miaka 21. Wanaendesha kulia, usukani uko kushoto. Mimi natamani sana ule utaratibu wa saa ungefika kwetu, ungewaokoa vijana wengi.

Mjomba, mimi utingo. Dereva wangu ananiambia nisimame katikati ya kichwa na tela nichomeke mipira ya upepo huku yeye anarudi nyuma. Naogopa kukataa. (Wete)

Kataa mwanangu. Kazi hii ina mpangilio wake na haina njia ya mkato. Dereva anarudi mpaka sahani iliyoko nyuma ya kichwa inashika ile pini ya chini ya tela, anavuta mbele kidogo na breki za tela zimefungwa kuhakikisha imeshika, anavuta hendibreki, anazima, anashuka na ufunguo mkononi. Hapo ndo wewe unaingia katikati. Unachomeka mpira mwekundu na wa njano, waya wa taa, unainama na tochi uone taya ya sahani imefunga nyuma ya pini, halafu ndo unakunja miguu ya tela. Ukimaliza unatoka, unamuonesha dereva mikono yote miwili, ndo anawasha.

Mwambie hivo kwa adabu, mkiwa peke yenu, si mbele za watu. Akikataa mwambie mwenye gari. Na ufunguo, mwanangu, uuone kwa macho yako uko mkononi mwake kabla hujaingia.