Kabla ya kuwafukuza wafugaji, tuonyesheni njia ya maji

Mhariri, mmeuliza kama wafugaji wa kutoka nje wazuiwe kuleta ng'ombe bonde la mto Sabaki, hapa Kilifi, wakati wa ukame. Mimi nalima upande wa Garashi, na jibu langu ni ndiyo. Wazuiwe, tena mapema, kabla mahindi hayajatoa mbelewele.

Sisi wa kando ya mto hatungoji mawingu ya Malindi. Mvua ikinyesha bara, Galana, ndilo jina la Sabaki huko juu, hufura hata kama kwetu ni vumbi tupu. Maji mekundu yakishapungua huacha tope, na humo ndimo tunamopanda mahindi, kunde na pojo. Jua likikaza, kijani kinachobaki ni chetu, na kila mwenye mifugo anakijua.

Ukame wa 2022 ng'ombe waliingia usiku shambani kwa mama. Kulipokucha tukakuta kunde zimekwisha, mahindi yamelazwa, mipira ya pampu imekanyagwa ikapasuka. Vijana wetu walishashika mapanga. Mchungaji hakukimbia. Alikuwa kijana mdogo, ameketi na ndama aliyeshindwa kusimama.

Mama akamuuliza, "Mwanangu, kwenu wapi?"

"Garsen, mama." Akaeleza kuwa njia waliyoshukia mtoni tangu enzi za babu zake imezungushiwa seng'enge na mtu aliyenunua ardhi.

Mama akawaambia vijana waweke mapanga chini, akaomba mzee wa kijiji aite kikao. Wazee wa wafugaji walifika kwa pikipiki. Tulikaa chini ya mwembe hadi alasiri: wakabishana juu ya kunde, wakaja kwenye mipira, wakarudi kwenye kunde. Mwishowe walikubali kulipa mipira na kutoa beberu mmoja. Nasi tukakubali kuwa, tukishavuna, ng'ombe wao waje wale mabua na walale shambani, samadi ibaki. Msimu uliofuata mahindi ya mama yalibeba vizuri, na mbolea ya dukani hakununua.

Kule Tana Delta, kuanzia Agosti 2012, Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji walizika watu zaidi ya 100 katika mapigano ambayo malisho na maji vilikuwa ndani yake. Hapo hapakuwa mbali nasi. Na tangu mradi wa serikali wa kumwagilia mashamba wa Galana Kulalu uanze 2014, tunajadili magunia ya mahindi tu. Njia za mifugo nani anazitaja?

Kwa hiyo neno langu la juu siwezi kulishikilia lote. Waje, ila baada ya mavuno, na wapitie njia iliyopimwa na kaunti, isiyouzwa kwa yeyote. Mazao yakiwa bado shambani, hapana. Na tajiri wa mjini anayeswaga mamia ya ng'ombe kwa mchungaji wa kibarua, asiyefika kikaoni wala kupokea simu, huyo kwangu marufuku ibaki.