Faharasa ya mwongozo wa mashine: usiijaze herufi K

Mwongozo wangu wa kwanza ulikuwa wa pawatila, yaani trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, niliowaandikia wakulima wa mpunga kule Mbarali. Faharasa, ile orodha ya nyuma ya kitabu yenye namba za kurasa, niliipanga usiku mmoja hapa Mbeya huku nikiwaza gharama ya kuchapa tu. Nikachagua mtindo wa mfululizo: vidahizo vidogo, yaani maneno yanayokaa chini ya neno kuu, vinafuatana kwenye aya moja, nukta mkato katikati. Nikaokoa kurasa mbili.

Siku ya kuukabidhi, fundi mmoja akataka kujua oili ya injini inabadilishwa lini. Akafungua herufi O. Hakuna kitu. Nilikuwa nimeiweka kwenye "kubadili oili", ndani ya K iliyojaa kufunga, kukaza, kusafisha, kuwasha. Akapitisha kidole chenye grisi mstari kwa mstari, kisha akafunga kitabu akamwuliza mwenzake. Iliniuma sana, maana jibu lilikuwamo, ukurasa wa 31.

Kwa Kiswahili, ukianza na kitenzi chenye "ku", nusu ya mwongozo inaangukia K. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilishakwepa hilo: kusafisha unakitafuta kwenye S. Kwenye mashine mimi natanguliza kifaa, kazi inakaa chini yake:

oili ya injini
   kubadili, 31
   kupima, 12

Huu ndio mtindo wa ngazi, na kwa kitabu cha gereji sioni sababu ya kutumia mwingine. Unakula karatasi, ndiyo, lakini jicho linashuka moja kwa moja. Mfululizo uachie vitabu vya historia, vinavyosomwa mtu ametulia kitini.

Umoja na wingi navyo vinasumbua. Kamusi huweka "jino", lakini shambani watu husema meno ya pawatila, basi weka maelezo kwenye "meno", na kwenye J andika "jino, tazama meno".

Panga neno kwa neno, si herufi kwa herufi. Ukihesabu herufi bila kujali nafasi, "majira ya kulima" inajipenyeza kati ya "maji kwenye dizeli" na "maji ya rejeta", na maji yako yanatengana.

Kwenye Microsoft Word, chagua neno, bonyeza Alt+Shift+X, andika oili ya injini:kubadili. Nukta pacha ndiyo inayotengeneza ngazi. Ukihariri kurasa baadaye, bofya ndani ya faharasa ubonyeze F9, la sivyo namba zinabaki za zamani.

Kabla ya yote hayo, kaa na mafundi na daftari. Gusa kifaa kimoja kimoja, uliza kinaitwaje, andika wanavyotamka wao. Mimi niliandika "kipozeo" kitabu kizima, na hakuna aliyewahi kukitafuta kwa jina hilo. Toleo la pili lina mstari huu: kipozeo, tazama rejeta.