Kete ya turufu imetoka wapi?

SWALI: Natafsiri masomo ya briji kwa vijana wanaojifunza mchezo huo. Kuna mbinu ya mwishoni ambapo mpinzani hulazimika kuachia karata anayoihitaji. Nimeandika: "Mchezaji anatupa kete yake ya turufu na kumskwizi mpinzani." Je, "kumskwizi" inakubalika?

JIBU: Neno letu lipo. Mpinzani anabanwa, na mbinu yenyewe ni mbano. Mezani mkiita skwizi sitagombana nanyi, lakini katika somo lililoandikwa weka mbano.

Kilichonikera ni hiyo "kete ya turufu". Imejaa magazetini, imejaa kwenye matangazo ya mpira, kila kocha anayo na kila mgombea anaificha mfukoni. Ni kosa, na kurudiwa kwake hakulifanyi kuwa sahihi. Turufu ni neno la karata. Lilikuja na Wareno pamoja na kopa, uru, pau na shupaza. Kete ni ya bao na drafti. Bao la Kiswahili lina kete 64, na hakuna hata moja iliyozaliwa kubwa kuliko nyingine; nguvu yake hutegemea shimo ilimo. Turufu, kinyume chake, ni aina iliyopewa ukubwa juu ya aina zote: shupaza ikiwa turufu, mbili ya shupaza inaila ree ya kopa. Sasa hiyo kete itaila nini?

Kwako wewe kosa ni zito zaidi, kwa sababu unafundisha mbano, na mbano mara nyingi hauna haja ya turufu hata kidogo. Tuseme mkataba, yaani ahadi ya mizunguko utakayokula, ni wa tatu bila turufu: unadaiwa mizunguko 9 kati ya 13. Mwenzako ameziweka karata zake wazi, nawe kabla hujagusa yoyote unahesabu mizunguko ya uhakika. Unapata 8. Unawaachia wapinzani mapema mizunguko minne iliyo haki yao, ili mwishoni wasibaki na karata ya ziada ya kuachia.

Zimebaki karata tatu kila mkono, na umeshakula 6. Mezani, yaani kwenye karata za wazi za mwenzako, pana ree na ghulamu wa shupaza, na malkia wa kopa. Wewe una tisa ya pau, ambayo hakuna wa kuishinda, pamoja na mbili ya shupaza na tatu ya kopa. Mpinzani wa kushoto ana mfalme na malkia wa shupaza, na mfalme wa kopa. Ree ya kopa ilishatoka zamani. Unacheza tisa ya pau. Yeye hana pau, na lazima aamue kabla ya meza. Akiachia mfalme wa kopa, unatupa ghulamu mezani na malkia wa kopa anasimama. Akiachia shupaza moja, unatupa malkia wa kopa, ree inamng'oa mzungu (karata ya picha) wake wa shupaza aliyebaki, na ghulamu anakula mzunguko wa 9. Kilichombana ni tisa ya pau tupu. Ukimwambia kijana kwamba hiyo ni turufu, ataitafuta turufu mkono mzima na mbano utampita.

Na hilo "anatupa" nalo liondoke. Kwenye karata, kutupa ni kuachia karata isiyo ya aina iliyochezwa, bila kula. Katika mfano wetu anayetupa ni mpinzani, kisha meza. Mwenye mkataba anacheza. Magazeti yanayotupa kete na karata kila Jumatatu yamewachanganya watu kiasi kwamba mshindi na mshindwa wanafanya tendo moja.

Sentensi yako iwe hivi: "Mwenye mkataba anacheza tisa ya pau, na mpinzani anabanwa."