Vidole vicheze, kisigino kitulie: mapezi yalivyonitesa Msimbati

Juzi dada mmoja wa Lindi kaniandikia: "Kaka, nimeanza kozi ya kuzamia na mtungi. Kila nikivua mapezi ya miguuni vidole vinawaka moto. Ndiyo kawaida?" Si kawaida, dada yangu. Na mimi niliambiwa ni kawaida, nikakubali kama bwege.

Mimi wa Mikindani. Babu yangu mvuvi, kuogelea nilijua kabla ya kusoma, kwa hiyo siku naanza mafunzo nilijiona nimeshamaliza. Mapezi yangu ya kwanza niliyanunua kwa jamaa aliyekuwa anahama, elfu hamsini, ya kufunika kisigino, namba 42-43. Navaa 43, nikaona basi. Nikayajaribu nimekaa kwenye kochi. Yalibana, jamaa akasema yatalegea. Hayakulegea. Mpira ule si ngozi ya kiatu, na mguu wangu ni mpana, kidole cha pili kimelipita gumba. Hilo namba haikuambii.

Tulizamia Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mkondo ulikuwa na nguvu. Tukiwa mita kumi na nne, gumba likafa ganzi. Mara shavu la mguu wa kulia likajikunja kama ngumi. Kiongozi wetu akashika ncha ya pezi langu, akalivuta upande wangu huku ameniwekea mkono gotini mguu unyooke. Msuli ukaachia, akaonyesha gumba juu: tunapanda. Watu sita wamekatishwa mbizi kwa ajili yangu. Kwenye boti mmoja akauliza, "Huyu mtoto wa pwani au wa Masasi?" Wakacheka wote. (Watu wa Masasi mnisamehe, mimi nanukuu.) Ukucha ulikuwa mweusi, baadaye ukang'oka. Ukucha umeota. Kile kicheko bado nakisikia.

Mwezi uliopita nimemaliza ngazi ya uongozaji mbizi. Yule mcheshi hajamaliza. Nasema tu.

Sasa dada, sikiliza. Nenda kujaribu mapezi jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa joto na kutembea. Kama utazamia na viatu vya neoprini, ule mpira laini wa mavazi ya kuzamia, vaa hivyohivyo dukani. Kama ni ya kufunika kisigino, jaribu peku. Simama, usikae. Vidole vicheze. Inua mguu, utikise: kisigino kitulie, kisipande na kushuka. Ukihisi unyayo unavutwa katikati, vua rudisha, hata kama rangi imekupendeza. Vidole vicheze, narudia.

Yasiwe mapana kupita kiasi pia. Yakicheza yatakuchubua, na kidonda kwenye chumvi wewe mwenyewe unajua. Na mapezi ya mkanda nyuma ya kisigino yana vituko vyake: neoprini ya kiatu hubanwa na maji kadiri unavyoshuka, kwa hiyo mkanda uliokaza juu ya boti unaweza kulegea chini. Mimi sasa natumia mkanda wa springi, unajivuta wenyewe. Ni ghali, nilikaa miezi nikidunduliza.

Halafu vijana mnaniudhi. Mnanunua mapezi marefu magumu kwa sababu mmeona video ya mtu, miguu yenyewe haijazoea, kisha mnalalamika misuli inakaza. Kuna mtu amekulazimisha? Bahari haijali umevaa nini. Azima kwanza, zamia nayo mara mbili tatu, ndipo utoe hela. Mbona kiatu cha harusi mnazunguka soko zima?

Yale ya elfu hamsini bado ninayo, yamening'inia msumarini nyuma ya mlango. Wawili wameshaniomba niwauzie. Nimewauliza namba ya mguu, wote wamesema 43, nikakataa.