Gemu nilizocheza miezi hii, na namna kila moja ilivyonizika

Mkuu umeuliza tumecheza nini karibuni na tunazionaje, ukaomba tusikupe nyota tano tano bila maelezo. Sawa. Mimi siku hizi gemu naipima kwa swali moja: nikishindwa, inaniachia nini mkononi? Picha nzuri siku hizi kila gemu inazo. Ila kuna gemu ikikuua unazima mashine ukiwa na hasira za bure, na kuna nyingine inakuua unakaa kitandani macho kodo unawaza ulikosea wapi. Hizo za pili ndizo zangu.

Iliyoniteka kuliko zote ni Outer Wilds. Ni ya 2019, nimechelewa, msinicheke. Wewe ni mwanaanga kutoka kijiji kidogo msituni, unapewa chombo kinachoonekana kama kibanda cha mbao kilichofungwa injini, unaruka. Baada ya dakika 22 jua linalipuka na kila kitu kinateketea. Unafumbua macho uko palepale kando ya moto, unaanza upya. Hakuna upanga mpya, hakuna nguvu iliyoongezeka. Kilichobaki ni ulichojifunza tu. Hata chombo chenyewe kinakuwekea kumbukumbu za ulichogundua, basi.

Nimekufa vifo vya aibu mle. Mara ya kwanza nilishuka kwenye chombo bila kuvaa suti, nikaishiwa pumzi hatua tatu kutoka mlangoni. Nyingine nilikiachia chombo kijiendeshe kwenda sayari ya upande wa pili, nikakaa kutazama mandhari. Kumbe jua lilikuwa katikati ya njia, na hilo chombo hakikuona linakihusu. Kikanipeleka ndani moja kwa moja.

Lakini utamu uko hapa: kuna sayari mbili pacha, na mchanga unamiminika kutoka moja kwenda nyingine muda wote. Ukiwahi, mapango ya huku yako wazi na ya kule yamefukiwa. Ukichelewa, ni kinyume. Nilihangaika na pango moja siku mbili nikidhani kuna ufunguo sijaupata. Hakukuwa na ufunguo. Nilikuwa nafika kwa saa mbaya. Nilipoelewa nilicheka peke yangu kama chizi, na kuanzia hapo lile pango halikunisumbua tena kwa sababu jibu lilikuwa kichwani mwangu, hakuna kifo cha kuninyang'anya. Tatizo lake ni kwamba ukishaimaliza imekwisha kweli. Huwezi kusahau kwa makusudi.

Nikaingia Blue Prince nikitegemea ladha ileile. Hii ya 2025 inakupa jumba la vyumba 45 na kazi ya kutafuta cha 46. Kila ukifungua mlango unachagua chumba kimoja kati ya vitatu, una hatua 50 za kutembea kwa siku, na kesho yake jumba lote linafutika unalijenga upya. Wiki ya kwanza nilikuwa naota ramani. Halafu nikaanza kukwama sehemu ambazo nilishajua jibu. Nilijua kabisa chumba gani nakihitaji na nikifanye nini, lakini kikawa hakitokei. Kesho tena hakitokei. Hapo mimi na yenyewe tukaanza kununiana. Kushindwa kwa kutojua sina shida nako. Kuwa na jibu halafu uambiwe subiri bahati yako, hapana. Wapo wanaosema mchezaji mwerevu anaipinda ile bahati, na ni kweli kwa kiasi fulani, ila nimeiweka kando kwa sasa.

Ajabu ni kwamba Balatro, ambayo bahati imejaa hadi kwenye kucha, haijaniudhi hata mara moja. Ni ya 2024, kaitengeneza mtu mmoja anayejiita LocalThunk. Unacheza mikono ya poka, unanunua jokeri wanaovunja sheria, na alama zako zinazidishwa hadi tarakimu hazisomeki. Majuzi nilikuwa nimegeuza karibu karata zangu zote kuwa kopa. Kila mkono ni kopa tano, napiga alama kama mvua. Nikakutana na bosi, yaani mpinzani mkuu wa hatua, ambaye kazi yake ni kuzima kopa zote. Zote! Nikabaki nimeshika karata mfu. Lakini ukitazama vizuri, jina la yule bosi lilikuwa limeandikwa pale tangu mwanzo wa hatua, nami nilipita dukani mara mbili bila kujiandaa. Imekula kwangu, kwa mikono yangu mwenyewe. Ndiyo maana nilibonyeza kuanza upya kabla hata alama za mwisho hazijatoka. Onyo la kirafiki: usiifungue ukiwa na jambo la kufanya asubuhi.

Return of the Obra Dinn pia ni kazi ya karibu mtu mmoja, Lucas Pope, mwaka 2018. Merikebu iliyopotea imerudi mwaka 1807 bila mtu hai ndani, na wewe ni mkaguzi wa bima wa East India Company. Una saa ya mfukoni inayokurudisha kwenye nukta ambayo marehemu alikata roho. Kwanza unasikia sauti gizani, kisha tukio linaganda na unatembea katikati yake. Watu 60. Kila mmoja useme ni nani, yalimpata yapi, na kama aliuawa, muuaji nani. Picha zake ni rangi mbili tu kama za kompyuta za kale, nusu saa ya kwanza macho yaliniuma, baadaye sikuziona tena.

Ujanja wake ni kwamba kitabu unachojazia majibu hakiyakubali hadi yatimie matatu sahihi. Kwa hiyo kubahatisha hakulipi. Nilijaribu kubahatisha mabaharia waliofanana nikaambulia patupu, nikatangaza kwamba gemu ni ya hovyo. Halafu nikagundua machela zao zina namba, na namba hizo zinalingana na orodha ya wafanyakazi. (Samahani, hilo nimekuharibia. Mengine nayaacha.) Jioni ile nzima nilikuwa nachungulia miguu ya watu waliolala, natambua mtu kwa viatu. Sijawahi kujiona mpelelezi kiasi kile, na hakuna aliyenielekeza.

Hades sitaisema sana, kila mtu kaicheza tangu 2020. Ila ilivyoshughulikia kifo bado sijaona mfano. Ukifa unarudi nyumbani, na Hypnos, mungu wa usingizi, anakusubiri mlangoni akutanie kwa namna ulivyokufa. Stori inasonga kwa sababu umekufa. Na kwa anayeona ngumu kuna hali ya kumsaidia inayoanza kwa kupunguza madhara kwa asilimia 20, kisha inaongeza 2 kila unapokufa. Nimeiwasha, na sina aibu.

Kuna gemu moja ya mpira ambayo naifuta na kuirudisha kila mwaka, sitaitaja. Ukifungwa pale unaambiwa timu ya mwenzio ina kadi bora, kanunue. Nimeifuta tena.

Umeuliza pia kama Elden Ring inafaa kwa mtu asiye na subira. Watu watakwambia haifai, mimi nasema inafaa kuliko gemu za nyuma za wakali walewale wa FromSoftware, kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu inakuruhusu kukimbia. Yule mpanda farasi wa dhahabu anayekupiga dakika za mwanzo, mpite tu. Bosi anayeitwa Margit akikuzuia pale kasri, geuka, shuka kusini, zurura na farasi wako, rudi baada ya saa kumi ukiwa mtu mwingine. Ukifa unaangusha runi zako (ndizo pesa na pointi za kujiongezea nguvu), ukifa tena kabla ya kuziokota zimekwenda, na hiyo inauma. Lakini dunia ni pana kiasi kwamba kukwama sehemu moja ni uamuzi wako.

Isipokuwa kwa bosi mmoja, Malenia. Huyu anajiponya kila anapokugusa, hata pigo likitua kwenye ngao. Jana usiku nilimfikisha sehemu ya pili akabakiwa na damu ya pigo moja. Ningerudi nyuma nipumue, ningemmaliza. Nikasema hapana, namaliza sasa hivi. Mnajua kilichofuata.