Re: Kwenye plani ya biashara niweke na yale yasiyotarajiwa?

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kuacha nafasi kwenye plani ya duka la spea za pikipiki unalotaka kufungua kwa mambo unayoona hayawezi kutokea. Ipo, tena kubwa. Angalia M-Pesa, majaribio yake Kenya 2005 yalilenga watu walipe mikopo midogo kwa simu, lakini wateja wakaanza kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe, waanzilishi wa huduma wakaliona hilo wakabadili mwelekeo na 2007 wakazindua huduma ya kutuma pesa. We fungua hilo duka ila usimalize mtaji wote kwenye mzigo, na kila kitu mteja anaulizia ambacho huna kiandike kwenye daftari hata kama unaona cha ajabu, kikiulizwa tena na tena lete kidogo ujaribu.